Kabla ya Kuingia Thieta: Namna ya Kuikabili Hofu ya Upasuaji kwa Imani

Ukishapewa tarehe ya upasuaji, mchana unapita vizuri tu. Unafua, unakwenda kazini, watu wakikuuliza hali unawajibu "namshukuru Mungu". Kazi huwa usiku. Saa nane hivi unashtuka, moyo unakwenda mbio kama mtu aliyekimbizwa, na ile tarehe imesimama mbele ya macho yako gizani.

Mimi nilipangiwa kuondolewa uvimbe kwenye kizazi, nikawa na wiki tatu za kusubiri. Nilikuwa kwenye kwaya, nafundisha watoto shule ya Jumapili, mistari ya "usiogope" naijua kwa moyo. Niliogopa vilevile. Kilichonitesa zaidi kuliko hofu yenyewe ni aibu ya kuogopa, kwamba mtu niliyewafundisha watoto habari za Daudi na Goliathi sasa silali kwa sababu ya kisu cha daktari.

Tangu wakati huo nimekuwa nikienda wodini na kina mama wenzangu wa kanisani kuwatembelea wanaosubiri upasuaji. Haya ninayoyaandika, mengine niliyafanya mwenyewe, mengine nimeyaona yakiwasaidia watu vitandani. Unaweza kuyafuata kwa mpangilio unaokufaa, ila hatua ya kwanza usiiruke.

Hatua ya 1: Mwambie Mungu kwamba unaogopa

Huku kwetu kuna msemo wa kilokole: "Usikiri hofu, utampa adui mlango." Wanaousema wanakutakia mema. Lakini matokeo yake nimeyaona: mgonjwa anatabasamu mbele ya wageni, wakiondoka anajifunika shuka mpaka kichwani na kutetemeka peke yake.

Soma Zaburi 56:3: "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe." Daudi anasema hofu yangu. Ni yake, siku yake anaijua, na ni siku hiyo hiyo anayomtumaini Mungu. Hakungoja hofu iishe ndipo aanze kutumaini. Na Bwana wetu mwenyewe pale Gethsemane, Marko anaandika kwamba alianza kufadhaika sana na kuhangaika, akawaambia Petro, Yakobo na Yohana kwamba roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa. Kama Mwana wa Mungu aliwaambia marafiki zake jinsi anavyojisikia usiku wa kuamkia msalaba, wewe unayengoja upasuaji huna sababu ya kuona aibu.

Ila ninayemrudia kila siku ni mfalme Hezekia, katika Isaya 38. Anaugua, anaambiwa atakufa, naye anageuza uso wake ukutani, anaomba, analia sana. Waliolazwa wanaujua ukuta huo. Ukiwa kwenye wodi yenye vitanda ishirini, ukuta ndio chumba chako cha siri.

Basi tafuta dakika kumi. Funga mlango, au geukia ukuta. Sema kwa sauti hata kama ni ya kunong'ona: "Bwana, ninaogopa." Usipambe. Kama nyumbani kwenu mnaongea Kichaga au Kinyakyusa, omba kwa lugha hiyo, maana sala ya mtu aliyeogopa haihitaji Kiswahili cha mimbarini. Ukilia, lia. Mungu alimwambia Hezekia kwamba ameyasikia maombi yake na kuyaona machozi yake, vyote viwili.

Hatua ya 2: Iandike, moja moja

Hofu isiyo na jina hujaa nyumba nzima. Chukua daftari uandike kila kitu kinachokutisha, hata kile unachoona ni cha kitoto. Orodha yangu ilikuwa hivi: kutoamka baada ya usingizi wa dawa. Kuamka katikati. Maumivu. Kutopata mtoto tena. Hela. Nani atawapikia watoto. Mwisho kabisa, kwa herufi ndogo: je, Mungu ananiadhibu?

Ukishaandika utaona kwamba ile hofu uliyodhani ni moja ni kundi, na kila moja ina mtu wake wa kuendewa. Ya dawa ya usingizi ni ya daktari. Ya hela ni ya ndugu na bima. Ya watoto ni ya dada yako au jirani. Hiyo ya adhabu ni ya Mungu na mchungaji wako, na usiivumilie hata siku moja zaidi. Nenda Yohana 9. Wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu, wanauliza nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu anawajibu kwamba si yeye aliyetenda dhambi wala wazazi wake. Uvimbe si barua ya hukumu. Kama kuna dhambi inakusumbua kweli, itubu kama unavyotubu siku nyingine yoyote, upokee msamaha, lakini usiiunganishe na matokeo ya ultrasaundi.

Kuna na hofu nyingine ambayo Wakristo wengi huiandika kwa penseli ili waweze kuifuta: hofu ya kurogwa. Kwamba ugonjwa umetumwa na mtu, na kama ni hivyo hospitali itafanya nini? Nimekaa na watu waliotaka kuahirisha upasuaji kwa ajili hiyo, waende kwanza kwa mtu "akaangalie". Nakusihi usiende. Anayeangalia atakutajia jina la shangazi au jirani, na utarudi nyumbani na hofu mbili badala ya moja, ya pili ikiwa ni chuki. Waefeso katika Matendo 19 walikusanya vitabu vyao vya uganga wakavichoma mbele ya watu wote, vya thamani ya vipande 50,000 vya fedha. Hawakubakiza kimoja cha dharura. Mwambie Kristo jina hilo unalolishuku, kisha umwombee mtu huyo mema.

Hatua ya 3: Yanayohusu mwili, mwulize daktari

Imani haichukii maelezo. Sehemu kubwa ya hofu yangu iliondoka siku daktari wa usingizi alipokaa nami robo saa akanieleza. Nawe nenda na daftari lako, uulize bila kuona haya:

Nitapewa usingizi kamili, au ganzi ya mgongoni ambapo nusu ya chini inakufa ganzi huku nikiwa macho? Nani atakuwa ananiangalia muda wote? (Kazi ya mtaalamu wa usingizi haiishii kukuchoma sindano. Anabaki na wewe hadi mwisho akifuatilia presha, mapigo ya moyo na pumzi, na kuna kifaa kidogo kinabanwa kidoleni kusoma oksijeni kwenye damu.) Upasuaji wenyewe unachukua muda gani, ili ndugu zangu huko nje wasiingiwe na wasiwasi bure? Nitapewa dawa gani ya maumivu nikiamka? Je, inahitajika damu, na ndugu wangapi waje kuchangia? Kizazi kitabaki?

Fomu ya ridhaa isome kabla ya kutia sahihi. Usipoelewa, omba wakusomee.

Hapa kuna jambo ninalilisisitiza kwa wapendwa wanaopenda mfungo. Usifunge kavu siku tatu kuelekea upasuaji bila kumwambia daktari, na hasa kama una kisukari, presha au damu pungufu. Mwili unahitaji nguvu ya kupona. Waombe wenzako wafunge kwa ajili yako, wewe kula. Eliya alipokimbia kwa hofu ya Yezebeli na kuomba afe chini ya mretemu, malaika hakumhubiria. Alimwamsha akamwambia ainuke ale, na palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili. Mtu mwenye hofu mara nyingi ni mtu mwenye njaa na usingizi pia.

Mfungo wa hospitali ni mwingine, na huo uheshimu kama amri. Kwa kawaida chakula husimamishwa angalau masaa 6 kabla na maji matupu masaa 2, ingawa hospitali nyingi hukuambia usile chochote kuanzia usiku wa manane. Fuata ulichoambiwa na hospitali yako. Sababu ni kwamba ukiwa umelala kwa dawa, kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Mtu akikuletea uji alfajiri kwa huruma, mshukuru, usiunywe. Na kama umekuwa ukitumia dawa za mitishamba, zitaje kwa daktari, kwa sababu baadhi huathiri kuganda kwa damu.

Je, ukiambiwa kwamba mwenye imani ya kweli hapasuliwi? Rudi kwa Hezekia. Mungu alikwisha kuahidi kumwongezea miaka 15, kisha Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Ahadi ilitoka mbinguni na dawa ikatoka jikoni, katika sura moja. Paulo alisafiri na Luka, yule tabibu mpendwa. Anayekutaka uache matibabu ili uonyeshe imani anakubebesha mzigo ambao Biblia haikukubebesha, na gharama yake hatailipa yeye.

Hatua ya 4: Soma mpaka kwenye "kwa maana"

Hii ndiyo hatua iliyonibadilisha, kwa hiyo nivumilie nikikaa hapa.

Tunapenda kumtumia mgonjwa ujumbe wa neno moja: "Usiogope!" Neno hilo peke yake halisaidii. Kumwambia mtu asiogope ni kama kumwambia asisikie baridi. Lakini ukifungua Biblia utaona kwamba Mungu mara nyingi haachi neno hilo peke yake. Analifuatisha na sababu. Isaya 41:10: "usiogope, kwa maana mimi ni pamoja nawe, usifadhaike, kwa maana mimi ni Mungu wako." Zaburi 23:4: "Sitaogopa mabaya, kwa maana Wewe upo pamoja nami." Sasa tazama kile ambacho sababu hiyo haikusema. Haikusema "kwa maana hakuna litakalotokea". Haikusema "kwa maana majibu yatakuwa mazuri". Bonde la uvuli wa mauti liko palepale, na Daudi analipita kwa miguu yake. Kilichoongezeka bondeni ni mtu wa kutembea naye.

Kwa wiki mbili nilikuwa nikiomba Mungu aniahidi kwamba nitaamka. Kila nikiomba hivyo hofu ilizidi, kwa kuwa nilikuwa nasikiliza jibu ambalo sikulipata. Nilipoanza kuomba "uwe nami nikiwa nimelala, uwe nami nikiamka, uwe nami nisipoamka", nililala. Sikulala usiku wote, lakini nililala.

Wale vijana watatu wa Danieli 3, waliotishiwa kutupwa katika tanuru la moto, walimjibu mfalme kwa namna hiyo hiyo. Mungu wetu aweza kutuokoa na tanuru, walisema, kisha wakaongeza: "Bali kama si hivyo". Ningependa kila mgonjwa ajifunze maneno hayo manne. Anayeweza kusema "bali kama si hivyo" hofu haina tena cha kumtishia nacho.

Kivitendo, chagua mstari mmoja wenye sababu ndani yake. Mmoja unatosha, usijitwishe ishirini. Uandike kwenye kipande cha karatasi, ukae ndani ya kava la simu au umefungwa kwenye pindo la khanga. Usome asubuhi, mchana, na kila unaposhtuka usiku. Kisha uunganishe na pumzi. Vuta pumzi taratibu ukisema moyoni "Bwana ndiye mchungaji wangu", itoe polepole zaidi ukisema "sitapungukiwa na kitu". Rudia mara kumi. Pumzi ndefu ya kutoa hupunguza mbio za moyo, na ni Mungu aliyeuumba mwili ukawa hivyo.

Hatua ya 5: Chagua wa kukaa karibu

Yesu aliingia bustanini na wanafunzi wake, lakini aliwachukua watatu tu karibu. Nawe huna deni la kumweleza kila mtu. Chagua wawili au watatu wanaoweza kusikia "ninaogopa" bila kukukatiza kwa mahubiri, na wanaotunza siri. Waite wazee wa kanisa wakuombee na kukupaka mafuta kama Yakobo 5:14 inavyoagiza, hilo ni lako kwa haki, usione unasumbua.

Wengine waombe wabaki mbali kidogo kwa wiki hizo. Kuna mtu, na kila ukoo unaye, ambaye akisikia upasuaji lazima asimulie habari ya fulani aliyefia mezani. Mwambie kwa upole: "Shangazi, hiyo nisimulie nikishapona." Simu zake mume wako au dada yako anaweza kuzipokea.

Na ninyi mnaokuja kuona mgonjwa, fupisheni sala. Kitanda cha pili kuna mtu ametoka thieta saa moja iliyopita.

Hatua ya 6: Tengeneza mambo ya nyumba yako

Hayo ni maneno ya Isaya kwa Hezekia. Watu wengi huyakwepa kwa kuona kwamba kupanga ni kujitabiria kifo. Nimeona kinyume chake. Usiku nilioandika nani ana funguo, ada ya muhula iko wapi, nani nadai na nani ananidai, na watoto wakae kwa nani nikichelewa kurudi, ndio usiku nilioacha kuyazungusha kichwani. Kama huna wosia, huu ni wakati mzuri wa kuuandika ukiwa na akili timamu, mbele ya mashahidi. Kama kuna mtu mmeachana vibaya, mpigie. Zungumza na mwenzako wa ndoa kuhusu kifo walau mara moja, wazi, mkiwa mmeshikana mikono, kisha mle chakula cha jioni.

Hatua ya 7: Asubuhi yenyewe

Asubuhi hiyo usipange sala ndefu, kichwa hakitatulia. Oga, vaa gauni la hospitali, vua hereni na pete, mpe ndugu simu yako. Mwambie nesi, "Ninaogopa kidogo." Wengi wao wamesikia hilo mara mia na wanajua la kufanya: watakushika mkono, watakueleza kila wanachokifanya.

Ukiwa kwenye machela utaona dari na taa zikipita juu yako. Hapo tumia mstari wako na pumzi yako. Thieta kuna baridi, usishtuke ukitetemeka, si lazima iwe hofu. Mimi nilifika "sitapungukiwa" sikumaliza "na kitu". Nilipoifungua midomo tena nilikuwa chumba kingine, koo limekauka, na nesi ananiita jina.

Baada ya hapo

Hakuna aliyeniambia kwamba hofu hurudi. Kipande cha uvimbe kilipelekwa maabara, nikaambiwa nisubiri majibu, na zile saa nane za usiku zikaanza upya. Nilidhani nimerudi nyuma kiroho. Sikuwa nimerudi nyuma. Ilikuwa siku nyingine ya hofu, nikalifungua daftari ukurasa mpya nikaanza hatua ya kwanza.

Kama wiki zinapita na bado huli, hulali, unapata vipindi vya kifua kubana na kuhisi unakufa, au unatamani usiamke, mwambie daktari kwa maneno hayo hayo. Huo ni ugonjwa unaotibika, kama kidonda kilichoingia usaha, na kuutibu si kukosa imani. Baadhi ya hospitali zina mchungaji au kasisi wa wagonjwa, uliza.

Ukishapona vizuri, ukaweza kubeba ndoo tena, rudi wodini. Paulo anasema Mungu hutufariji katika dhiki zetu ili nasi tuweze kuwafariji wengine. Nenda mchana saa za kuona wagonjwa, beba chupa ya maji na kalamu. Tafuta yule ambaye kesho yake anaingia thieta, kwa kawaida ni yule anayekunja na kukunjua shuka. Kaa, usisimame juu yake. Usianze na mstari. Mwulize kwanza, "Unaogopa nini hasa?" kisha umwachie daftari.